Vitabu vya kwetu, rekodi za Washington

Chukua kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa Unguja au Dar es Salaam miaka ya 1980, kaa kwenye kompyuta ya maktaba, nenda ile sehemu ya kutafuta rekodi za nje, andika jina la kitabu halafu subiri kidogo. Mara nyingi rekodi inakuja imekamilika, mwandishi, mchapishaji, mwaka, kurasa ngapi, kinazungumzia nini, na ukiangalia imetoka wapi unakuta imetoka Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Hawa jamaa wana ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, kazi yake ni kununua na kukusanya vinavyochapishwa upande huu wa Afrika, vitabu, magazeti, ripoti za serikali, vijarida ambavyo hata sie wenyewe hatuvitunzi, wanaviandikia rekodi halafu wanavisafirisha. Nawashukuru kwa moyo mmoja, mana wametupunguzia kazi kubwa sana. Lakini kila nikishusha rekodi ya kitabu alichokiandika mtu wa visiwa hivi, na kitabu chenyewe nimekishika mkononi hapa Wete, suali linanijia lile lile: rekodi zetu sisi ziko wapi?

Ziko kwenye madaftari. Yale makubwa yenye jalada gumu, kila kitabu kina mstari wake na namba yake ya kuingilia, mwandiko mzuri wa walimu wa zamani. Nyengine ziko kwenye kadi ndani ya droo za mbao, na droo nyengine zimevimba kwa unyevu hazivutiki. Halafu kuna zile zinazoniuma zaidi kuliko zote, zilizoingizwa kwenye kompyuta na sasa haziwezi kutoka.

Hili nimelishuhudia kwa macho yangu, skuli moja ya sekondari huku Pemba, sitoitaja. Mradi ulikuja na kompyuta na programu ya maktaba iliyotengenezwa na fundi wa kukodiwa. Mwalimu wa maktaba alikaa na wanafunzi jioni baada ya masomo wakaingiza kitabu kimoja kimoja, jina, mwandishi, namba, rafu. Mradi ukaisha kama miradi inavyoisha, fundi akabadilisha namba ya simu, na leseni ya ile programu kumbe ilikuwa ya muda, ulipofika mwisho ikaanza kuomba namba ya ufunguo ambayo hakuna mtu kisiwa kizima aliyekuwa nayo. Nilipoitwa kwenda kuangalia nikakuta faili la databesi limo humo humo, zima, halijaharibika, limefungwa kwa paswedi. Yule maalim ni mtu mzima, amenifundisha mie na walionitangulia, akaniambia, "Mwanangu, hiyo programu mie siitaki, wachukue. Nataka vile vitabu tulivyoviandika na watoto." Sikuweza kumpa. Wakaanza upya na daftari.

Ndo mana mtu akiniuliza kuhusu programu huria za maktaba, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda programu, uko wazi kwa kila mtu, na suali la mwanzo siku zote ni "hiyo ya bure?", mie huwa naanzia pengine kabisa. Ndio, leseni hulipi. Lakini kilichonifanya nisimame upande huu si bei. Ni kuwa siku yoyote, bila ya kumuomba mtu ruhusa, naweza kuzitoa rekodi zote za maktaba kwenye faili moja, kwa muundo unaojulikana dunia nzima, nikalitia kwenye fleshi nikaondoka nalo. Muundo huo ni MARC, ulianza miaka ya 1960 pale pale Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya mwanamke mmoja hodari, Henriette Avram, na ukiutazama mara ya mwanzo unachosha macho, namba tupu na vialama, 100 mwandishi, 245 jina la kitabu, 260 mchapishaji, 650 mada. Wa kizamani kweli. Lakini umri wake ndio nguvu yake, kila programu ya maktaba ya maana inausoma, kwa hiyo programu ikifa leo rekodi zinahamia nyengine kesho. Maktaba isiyoweza kuzitoa rekodi zake haina rekodi, ina ahadi tu ya mtu.

Sie tunatumia Koha, programu huria ya maktaba, na historia yake naipenda kwa sababu haikuzaliwa kwenye chuo kikuu cha matajiri. Imezaliwa Horowhenua, New Zealand, wilaya ya mashamba, mji wake mkubwa unaitwa Levin, watu wote wa wilaya wakati ule kiasi cha 30,000. Mwaka 1999 maktaba yao ilikuwa na programu ya zamani ambayo isingeweza kuvuka mwaka 2000, mnaokumbuka ile hofu ya kompyuta kushindwa kuhesabu mwaka mnajua nnachosema. Za kununua zilikuwa ghali na zilitaka laini za mawasiliano ambazo matawi ya vijijini hayakuwa na uwezo nazo. Wakaingia mkataba na kampuni ndogo ya Wellington, Katipo, wakatengenezewa ya kwao inayoweza kupita kwenye laini ya simu ya kawaida, ikaanza kazi Januari 2000, na badala ya kuifungia ndani wakaiachia dunia kwa leseni ya GPL, kila mtu aitumie, aisome, aibadilishe, ila akiitoa kwa wengine na mabadiliko yake nayo yawe huria vile vile.

Mwanzo haikuwa hata na MARC. Ilitiwa baadae, maktaba ya Nelsonville, mji mdogo wa Ohio huko Marekani, ilitoa pesa na Mfaransa Paul Poulain akafanya kazi. Hapa ndo uone namna kitu hichi kinavyokua: maktaba moja inakosa jambo, inalipia au inalitengeneza, halafu jambo hilo linakuwa la wote. Mwaka 2011 likatokea jengine, ombi la kampuni moja ya Marekani la kusajili jina la Koha huko huko New Zealand kuwa alama yake ya biashara likafika hatua ya kukubaliwa mwanzo, watu wa maktaba wakatangaza, michango ikamiminika kutoka nchi mbali mbali kusaidia ile maktaba ndogo kupinga, na mwisho wakashinda. Na si mambo ya Wazungu peke yao, mkutano wa dunia wa Koha wa mwaka 2015 ulifanyika Ibadan, Nigeria. Wanaijeria wanaitumia vyuo vingi na wanafundishana wenyewe, hawangojei mtu wa kutoka nje.

Sisemi kuwa ndiyo pekee. Kuna Evergreen iliyoanzia jimbo la Georgia mwaka 2006 kwa ajili ya maktaba zaidi ya 250 zinazotumia katalogi moja, kubwa mno kwa hali yetu. Kuna SLiMS ya Waindonesia, nyepesi, kwa skuli ya msingi yenye rafu chache naipendekeza bila ya wasiwasi. Na wazee wa kazi hii wanakumbuka CDS/ISIS ya UNESCO, ilitolewa kwa kompyuta ndogo mwaka 1985, ikagaiwa bure Afrika nzima, kisha ikaja WinISIS, na mpaka leo kuna maktaba zina rekodi zao humo. Ilikuwa ya bure lakini msimbo wake haukuwa wazi, kwa hiyo wenyewe walipopunguza kuishughulikia wengine hawakuweza kuiendeleza. Hata hivyo waliitengeneza na njia ya kutoa rekodi, ISO 2709, na njia hiyo ndiyo iliyookoa kazi ya miaka ya watu wengi. Mwenye rekodi za WinISIS asiogope, zinatoka, kazi kubwa ni kuoanisha sehemu na sehemu na kusafisha herufi zilizoharibika.

Kuinstoli nitapita haraka, mana watu wanadhani ndo kazi yenyewe, kumbe ndo sehemu fupi. Koha inakaa kwenye Linux, Debian au Ubuntu, vifurushi vyake viko tayari na amri ni chache. Kwa maktaba ndogo laptopu ya kawaida yenye memori ya kutosha inafaa kuwa seva, tena laptopu ina betri yake, na kwa umeme wetu hilo si dogo. Tangu waya wa chini ya bahari ulipokuja kutoka Tanga mwaka 2010 Pemba imebadilika sana tukilinganisha na zama za majenereta, na Unguja nao hawatosahau ile miezi ya giza ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, lakini kukatika kwa hapa na pale kupo na databesi haipendi kuzimwa ghafla. Intaneti huhitaji kwa kazi ya kila siku, kompyuta za maktaba zinaunganishwa na seva humo humo ndani kwa waya au wayafai, intaneti unaihitaji ukitaka kushusha rekodi za nje na kufanya apdeti. Skana ya bakodi ya kuchomeka ni rahisi na kompyuta inaiona kama kibodi tu. Stika za bakodi zichapishwe kwa printa ya leza, ile ya wino wa maji hapana, unyevu wa hapa unazifuta kabla mwaka haujamalizika, na juu yake weka plastiki ya kunata. Bakap inajitengeneza kila usiku lakini ihamishwe nje ya seva, fleshi mbili, moja ofisini kwa mkuu.

Baada ya hapo ndo inaanza kazi yenyewe, kuifanya programu iwajue watu wa hapa.

Mfano majina. Fomu ya kumuandikisha msomaji inataka jina la ukoo, lazima ulijaze, halafu jina la mwanzo pembeni. Sasa mwanafunzi anaitwa, tuseme, Fatma Juma Khamis. Ukoo wake upi hapo? Juma babake, Khamis babu yake. Ukiandika Khamis kuwa ni ukoo, basi ukifungua orodha ya darasa unamkuta Fatma amekaa baina ya wavulana wasiomuhusu ndewe wala sikio, mana babu zao wote walikuwa wanaitwa Khamis, na ukimtafuta kwa Fatma Juma kama anavyojitaja mwenyewe kaunta, humuoni haraka. Tulikaa na wenzangu tukaamua jina lote litiwe kwenye sehemu moja kwa mpangilio wake, kuanzia lake, na ile sehemu ya pili tukaificha. Koha inaruhusu, unachagua kwenye mipangilio sehemu zipi za lazima na zipi zisionekane, hakuna kugusa msimbo. Dogo, lakini siku ya mwanzo mtoto aliposoma jina lake kwenye skrini kama anavyoitwa nyumbani, alisogea karibu akaanza kuuliza vitabu vyengine viko vipi. Kwa waandishi ni hivyo hivyo, MARC ina alama ndogo mbele ya 100, sufuri kama jina linaanza na la mtu mwenyewe, moja kama linaanza na ukoo, na kwa waandishi wetu wengi wenye majina ya namna hiyo sufuri ndiyo inayostahiki, ila rekodi za nje zinakuja na moja.

Au sikukuu. Koha ina kalenda, unaiambia siku gani maktaba imefungwa ili ukiazimisha kitabu tarehe ya kurejesha isiangukie siku hiyo. Tarehe 12 Januari unaiweka mara moja na inajirudia kila mwaka. Idi je? Idi inategemea mwezi, na mwezi unatangazwa usiku. Kitabu kimeazimwa wiki mbili kabla, programu ishahesabu tarehe zamani, ukiongeza sikukuu usiku wa kutangazwa haimsaidii aliyeazima juzi. Sie hatutozi faini ya pesa, mtoto wa skuli utamtoza nini, ukichelewesha unasimamishwa kuazima kwa siku kadhaa, na kumsimamisha mtoto kwa sababu kitabu chake kilitakiwa kurejeshwa mosi Shawwal ni dhulma. Tunachofanya, mwezi wa Ramadhani unapoanza tu tunafunga kwenye kalenda siku zote zinazoweza kuwa Idi, kwa ishirini na tisa na kwa thelathini, tarehe za kurejesha zinaruka mbele zenyewe, na mwezi ukishatangazwa tunaifungua siku iliyozidi. Wenye maktaba Unguja na hata Mombasa nawasihi mfanye hivi mapema.

Kubwa kuliko yote hayo, na hapa ndo nataka vijana wa IT wanisikilize vizuri, ni kutafuta. Mtoto anakuja anaandika "mvuvi" kwenye katalogi. Vipo vitabu viwili vina "wavuvi" kwenye jina na kimoja kina "uvuvi". Hapati hata kimoja. Programu imetengenezwa na watu ambao maneno yao yanabadilika mwishoni, kwa hiyo inajua kukata mkia wa neno au kuongeza nyota nyuma yake, mtu akiandika nusu ya mwanzo inamalizia. Kiswahili kinabadilika kichwani. Kijiji na vijiji, mkulima na wakulima na kilimo, jino na meno ndo kabisa. Ile programu ndogo ya kukata maneno inayotumiwa na Koha, Snowball, ina Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kirusi na nyengine nyengine, Kiswahili hamna. Kwa hiyo mwanafunzi wa Pemba anatafuta kitabu cha Kiswahili, kwenye maktaba ya Pemba, kwa Kiswahili fasaha, anaambiwa hakipo, na kipo rafu ya pili kutoka chini.

Kwa sasa tunaziba kwa mkono. Kuna sehemu ya 653 ya kutia maneno huru, kila tukiandika rekodi tunatia humo sura zote za neno muhimu, mvuvi, wavuvi, uvuvi, vua. Inafanya kazi lakini ni kazi ya punda na inategemea mtu akumbuke. Dawa yake inajulikana. Koha mpya inaweza kubadilisha injini yake ya kutafutia, ikatumia Elasticsearch badala ya Zebra, na Elasticsearch inakubali kupewa orodha ya maneno yanayohesabiwa kuwa sawa, na hata kanuni za kuchambua neno. Orodha ya nomino za Kiswahili na wingi wake, ngeli kwa ngeli, si jambo la kutushinda visiwa hivi, tuna BAKIZA, baraza letu la Kiswahili, tuna chuo cha Kiswahili tangu mwaka 1978 ambacho sasa kimo ndani ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, tuna wanafunzi wa kompyuta kila mwaka wanatafuta mradi wa mwisho wa masomo wakaishia kutengeneza mfumo mwengine wa kusimamia hoteli. Wawili tu, mmoja wa lugha na mmoja wa kompyuta, wakae pamoja muhula mmoja. Watakachotoa kitatumika Pemba, Nairobi, Bujumbura, popote penye kitabu cha Kiswahili na Koha.

Na ninaposema watoe, naomba watoe kweli. Nimeona vijana hodari wakiichukua Koha wakaichokonoa ndani, wakabadilisha msimbo kwenye seva yao, ikapendeza, kisha wakaishia hapo. Koha inatoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Toleo likija, ama unaliacha ubaki na la zamani lenye matundu ya usalama, ama unalichukua na mabadiliko yako yote yanafutika. Nazijua maktaba zilizokwama kwenye toleo la miaka iliyopita kwa sababu hiyo tu, aliyebadilisha kaondoka na hakuna anayejua alichobadilisha. Kama umetengeneza kitu, kipeleke kwa mama, yaani kwa wenye Koha yenyewe kikatiwe humo. Utaratibu wake uko wazi, unafungua tatizo kwenye Bugzilla, tovuti yao ya kuorodhesha matatizo, unaambatanisha mabadiliko yako, mtu mwengine anayajaribu na kuweka saini kuwa yanafanya kazi, halafu timu ya ubora inayapitia, halafu meneja wa toleo anayatia. Inachukua muda, utaulizwa masuali, utaambiwa rekebisha hapa na pale. Lakini likiingia limeingia, kila apdeti linakuja nalo bila ya wewe kunyanyua mkono.

Na kwa wakutubi wenzangu msiojua kuandika msimbo hata mstari, ile hatua ya kujaribu na kutia saini ni yenu. Wenyewe wameweka seva za majaribio mtandaoni, unachagua tatizo, mabadiliko yanatiwa humo, wewe unafuata maelekezo, bofya hapa, azimisha pale, angalia kama inakuja kama ilivyosemwa. Bando la simu na kompyuta moja tu. Foleni ya mabadiliko yanayongoja saini ni ndefu siku zote, na wanaojua kweli kama kaunta ya maktaba inafanya kazi sawa ni watu wa kaunta. Mwenzangu mmoja, dada mkutubi ambaye alikuwa anaiogopa kompyuta, alijaribu badiliko la risiti ya kurejesha vitabu, akaona tarehe inatoka kombo, akaandika kwa Kiingereza chake cha kawaida, aliyetengeneza akamjibu kwa adabu na akarekebisha. Sasa hivi anawafundisha wengine.

Mas'ala ya namba za rafu nayo yapo, nayataja kwa kifupi. Mpangilio wa Dewey, unaogawa vitabu kwa namba za mada, ni wa mwaka 1876, na katika 200 ya dini, Ukristo na Biblia wamechukua kuanzia 220 mpaka 289, Uislamu wote umebanwa kwenye 297. Maktaba ya huku rafu ya 297 ndo ndefu kuliko zote za dini, kwa hiyo namba zinarefuka, 297.122 Qur'ani, 297.63 sira ya Mtume, na vitabu vya fiqhi vinataka kwenda mbali kabisa 340.59 kwenye sheria, mwanafunzi hatoviona akiwa anasoma rafu. Koha yenyewe haikulazimishi, unaweza kuunda mpangilio wako wa rafu ukabaki na namba ya Dewey ndani ya rekodi kwa ajili ya kubadilishana na wengine. Sie tumeviweka fiqhi pamoja na 297. Na vitabu vya hati ya Kiarabu vinaingia vizuri, jina kwa hati yake kwenye 880 na kwa hati ya Kilatini kwenye 245, vyote viwili vinatafutika.

Gharama sitozificha, mana wakuu wa skuli wanakatishwa tamaa baadae wakiambiwa bure mwanzo. Kuna mshahara au posho ya mtu anayeijua seva, na wawe wawili, akihama mmoja abaki mwengine. Kuna muda wa kuandika rekodi, na huo ndo mkubwa kuliko vyote, vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 havina ISBN vyote vinataka mkono. Tofauti ni kuwa pesa hiyo inabaki kwa mtu wa hapa na ujuzi wake.

Kwa hiyo ninachokipigania, na nimekisema kwenye vikao mpaka wengine wamechoka kunisikia, ni Koha moja ya visiwa viwili. Programu inabeba matawi mengi ndani ya seva moja, kila skuli tawi lake, kanuni zake za kuazimisha, wasomaji wake, lakini katalogi moja. Maktaba kuu ya Maisara, vyuo vya Tunguu, skuli za Wete, Chake, Mkoani, Makunduchi. Watu wa Pemba ni zaidi ya nusu milioni na mwanafunzi wa Konde leo hana njia ya kujua kama kitabu anachokitaka kipo Chake Chake, achilia mbali Unguja ng'ambo ya maji. Na rekodi ya kitabu ikiandikwa mara moja na mtu mmoja, wote wanaipata, hakuna haja ya skuli kumi kuandika kitabu kile kile mara kumi. Kisha ile sehemu ya kutafutia rekodi za nje, mkutubi wa Mombasa au wa Nairobi au hata wa Washington akitafuta kitabu cha Zanzibar aikute yetu, yenye jina la mwandishi kama anavyojiita na mada kama tunavyozisema. Koha ina seva ya Z39.50 ndani yake, ile njia ya maktaba kutafutiana rekodi, kazi ni kuiwasha tu.

Wakati vikao vinaendelea hatujakaa bure. Tumeanza orodha ya waandishi wa visiwa hivi, jina moja lililokubaliwa kwa kila mtu na sura zake nyengine zote chini yake, mana mtu mmoja kwenye jalada la kitabu cha mwanzo ni Muhammed, cha pili Mohamed, cha tatu Mohammed, na katalogi inamuhesabu watu watatu. Tunafuata anavyoandika mwenyewe kwenye kitabu chake cha karibuni, na kama ameshafariki tunawauliza watu wake. Mwenye vitabu vya zamani vilivyochapishwa Zanzibar nyumbani kwake, hata kama vimeliwa na mchwa pembeni, sitaki anipe, abaki navyo. Apige picha mbili kwa simu atutumie, ukurasa wa jina na mgongo wa ukurasa huo, mchana penye mwanga, na asikate sehemu ya chini, mana mwaka na jina la kiwanda cha uchapaji mara nyingi viko huko kwa herufi ndogo.